Ufunguo wa stoo ulilala kwangu

Mwaka wangu wa kwanza wa umeneja, mwaka wa 2022, niliachisha kazi watu watano. Nilidhani huko ndiko kusimamia. Leo nikiwahesabu naona aliyestahili kuondoka ni mmoja, na wale wanne waliondoka na majibu ya shida iliyokuwa ikinikosesha usingizi. Nayaandika haya kwa yeyote aliyekabidhiwa ofisi, ufunguo na orodha ya wafanyakazi bila kuonyeshwa namna ya kukaa nao.

Bekari yetu iko Nakuru, upande wa viwandani. Ni mali ya familia moja, na jina lake nitaliacha. Tulikuwa wafanyakazi 38, zamu mbili, tanuri mbili. Gari la kwanza hutoka saa kumi na nusu alfajiri kuelekea Njoro na Molo, la pili hupitia Lanet hadi Gilgil, na mikate ya mitaa ya Kaptembwo, Rhonda na Langa Langa hubebwa na boda boda. Biashara ya mkate haina subira. Mwenye kioski akifungua saa kumi na mbili asikute mkate wako, atachukua wa mwenzako, na kesho hatakungoja.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka sita. Meneja wa zamani alipostaafu, mzee mwenye bekari aliniita akaniambia, "Mama, wewe unajua kila shilingi inakopitia. Kuanzia Januari kiti ni chako." Nilifurahi kupita kiasi. Sikujiuliza hata mara moja kama kujua njia ya shilingi ni sawa na kujua kwa nini mtu anachoka saa tisa usiku.

Mwezi wa pili vita vikaanza Ukraine. Kenya hununua ngano nyingi kutoka Urusi na Ukraine, kwa hiyo bei ya unga ilipanda wiki baada ya wiki, na mkate wa gramu 400 ukapita shilingi 60. Wateja walipunguza. Mzee akataka mikate mingi zaidi kwa watu walewale. Nikaamua kukaza kamba.

Nilianza na saa za kuingia. Niliweka daftari langoni na kutangaza kwamba atakayechelewa dakika 10 atakatwa mshahara wa siku nzima. Nilitarajia watu wawahi. Kufikia mwisho wa Machi utoro ulikuwa umezidi kuliko mwanzo, nami nikawaona ni watu wakaidi. Muda mrefu baadaye kijana mmoja wa kupakia alinieleza hesabu niliyoshindwa kuiona, mimi mtu wa hesabu: "Madam, matatu ikikwama Kaptembwo na zile dakika 10 zishapita, unafikiria tu. Ukienda, unafanya kazi usiku kucha bure. Usipoenda, unalala. Pesa ni ileile." Sheria yangu ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha nyumbani. Zaidi ya hayo, ilikuwa kinyume cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku ambayo mtu hakuja kazini kwa siku nzima, bila ruhusa wala sababu halali. Dakika 10 si siku nzima. Hilo nalo nililijua baada ya kuumia.

Nikaja kwenye idadi. Mfuko wa unga wa kilo 50 ukipimwa vizuri hutoa takriban mikate 180 ya gramu 400. Kwa mifuko 20, nikaandika ubaoni: 3,600 kabla ya saa kumi alfajiri. Nao wakafikisha! Wiki mbili nilitembea kifua mbele. Kisha mikate ikaanza kurudi. Mingine ilikuwa mizito kama tofali, mingine ilipasuka ubavuni, na mingi iliota ukungu siku ya pili au ya tatu. Ili kufikisha idadi, walikuwa wakiingiza tanurini donge ambalo halijaumuka sawasawa, na wakitia mkate kwenye mfuko ukiwa bado moto. Mkate moto hutoa jasho ndani ya karatasi, na jasho hilo ndilo huleta ukungu. Mimi nilipima mikate iliyotoka tanurini. Ningepima ile iliyobaki kwa mteja, ningeona hasara mapema.

Halafu kulikuwa na kikundi cha WhatsApp. Nilikianzisha kwa nia ya kupashana habari, nikakigeuza mahali pa kuwaaibisha watu. Mkate ukiungua, niliupiga picha nikatuma na ujumbe wa sauti, wakati mwingine saa tano za usiku, nikimtaja mhusika. Hakuna aliyejibu. Nilidhani kimya kile ni heshima.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma zaidi. Katikati ya Mei, msaidizi wa tanuri aliangusha troli ya trei. Mikate 96 ilimwagika sakafuni. Nilifika kabla hajamaliza kuokota. Alisema, "Madam, gurudumu…" nami nikamkata kauli: sitaki visingizio. Nilikata thamani ya ile mikate kwenye mshahara wake, na jioni nikamwambia asirudi kesho. Alikuwa amefanya kazi pale miaka minne, na alikuwa na mtoto mchanga. Hayo yote niliyajua.

Mwezi wa Julai nilipokea barua ya kuitwa kwa ofisa wa leba, yaani ofisa wa kazi wa serikali.

Nilienda nikiwa nimejaa hasira, na faili kwapani. Ofisa alikuwa mama mtulivu, sauti ya chini. Aliniuliza kama nilimwita yule kijana nikamweleza kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe, nikamsikiliza kabla ya kuamua. Ndivyo kifungu cha 41 kinavyotaka. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nina ushahidi kwamba aliharibu mikate kwa kusudi, maana makato ya mali iliyoharibika yanaruhusiwa tu pale mfanyakazi alipokusudia. Nikasema hapana. Akanieleza, bila kunitisha, kwamba shauri likienda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, fidia peke yake inaweza kufika mishahara ya miezi 12.

Kisha akauliza, "Na hili gurudumu lilikuwaje?"

Nikakosa jibu. Yule kijana akatoa simu yake. Kwenye kikundi kilekile cha WhatsApp alikuwa ameandika mara mbili mwezi wa Machi na mara moja Aprili: "Madam troli namba 3 gurudumu la mbele limekufa." Jumbe zote tatu nilikuwa nimezipita nikitafuta mahali pa kubandika picha ya mkate ulioungua.

Tulikubaliana pale pale. Mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, siku zake za likizo ambazo hakuwahi kupewa, makato niliyomkata, na fidia ya miezi miwili. Jumla ilikuwa shilingi 71,000. Niliporudi bekari nikamwita fundi. Alibadilisha beringi kwa muda wa nusu saa, akadai shilingi 800.

Nilikaa na zile risiti mbili mezani mpaka giza likaingia. Kisha nikampigia mzee simu, nikamwambia ukweli wote bila kuupamba. Nilitarajia kufukuzwa. Alinyamaza kidogo akauliza, "Umewahi kukesha nao?" Nikasema sijawahi. "Basi anzia hapo."

Nilikesha usiku 14, hadi karibu na uchaguzi wa tarehe 9 Agosti. Nilifunga kilemba na aproni, nikapanga trei, nikapaka mafuta kwenye mikebe, nikafagia. Usiku wa kwanza hadi wa tatu sikujifunza kitu. Watu walifanya kazi kama wanaopigwa picha: kimya, mbio mbio, "ndiyo Madam, sawa Madam." Ushauri wangu kwa anayetaka kujaribu hili: usiende usiku mmoja ukadhani umeona kazi. Utakuwa umeona watu wakikuonyesha kazi.

Usiku wa nne ndipo mambo yalipofunguka. Ilikuwa saa saba kasoro. Madonge yaliyopaswa kuwa yamejaa kwenye mikebe yalikuwa bado yamelala chini. Kila mtu aliangalia saa, kisha akaniangalia mimi. Fundi mkuu wa tanuri, mzee ambaye sisi sote tulimwita Guka, alinivuta hadi kwenye pipa la maji akasema, "Tia mkono." Nikatia. Maji ya tangi la juu ya paa, Nakuru, Julai, saa saba usiku. Mkono ulikufa ganzi.

"Hamira ni kitu hai," akasema. "Ukiimwagia baridi, inalala. Donge linataka liwe na joto kama la nyuzi 27. Letu hapa ukilishika unasikia kama nyama ya buchani. Kila mwaka kuanzia Juni mpaka Agosti ni hivi. Tukisubiri liumuke, gari linatuacha. Tukiliingiza tanurini hivi hivi, mkate unarudi."

Nikamuuliza, "Guka, miezi yote hii, mbona hukuniambia?"

Akafuta mikono polepole. "Madam, wewe ukiuliza swali, tayari lina jina la mtu ndani yake. Huulizi kumetokea nini. Unauliza ni nani. Sasa nani ajitokeze?"

Sijawahi kuambiwa neno lililonifaa kuliko hilo, wala lililoniuma zaidi.

Nikauliza kwa nini wasiongeze hamira kidogo usiku wa baridi. Wakatazamana. Stoo ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwangu, mtaa wa Section 58, kwenye droo karibu na kitanda. Niliuchukua mwezi wa pili baada ya sukari kupotea. Hamira ilipimwa jioni kabla sijaondoka, na iliyopimwa ndiyo hiyo hiyo hadi asubuhi. Donge likiharibika saa sita, hawakuwa na cha kutengenezea jingine. Waliwahi kunipigia simu usiku mmoja wa Machi. Niliwajibu vibaya, na hawakupiga tena.

Baada ya hapo waliniambia mengi, karibu nishindwe kuandika. Mizani ilikuwa moja, nayo ilikaa chumba cha skonzi, ng'ambo ya ua. Kila mchanganyiko mtu alibeba ndoo akaenda na kurudi, mara saba au nane kwa usiku. Taa ya juu ya tanuri la pili iliungua tangu Pasaka, hivyo rangi ya mkate waliikisia. Watu wawili wa kukanda hawakuwa wamepewa likizo kwa miaka miwili, ingawa sheria inawapa siku 21 za kazi kila mwaka wakiwa na mshahara wao. Mmoja wao alikuwa akisinzia akiwa amesimama karibu na mashine inayozunguka. Hakuna lolote kati ya haya lililokuwa uvivu, na mengi yalihitaji pesa ndogo na meneja anayesikia.

Ufunguo wa stoo nilimkabidhi msimamizi wa zamu siku iliyofuata, pamoja na daftari ambalo anayechukua na msimamizi wote wanatia sahihi. Nilijua kuna hatari ya kuibiwa. Nilipiga hesabu: hata kilo mbili za hamira zikipotea kwa mwezi, ni nafuu kuliko usiku mmoja wa mikate ya kurudi. Tukanunua mizani ya pili na kipimajoto. Sufuria kubwa ikawekwa juu ya tanuri ili maji yapate uvuguvugu. Kuanzia Juni hadi Agosti zamu ya usiku sasa huanza kukanda dakika 40 mapema, na hulipwa dakika hizo. Namba 3,600 niliifuta ubaoni kwa mkono wangu, wakiona. Mahali pake tunaandika kila asubuhi mikate iliyorudi na sababu yake, bila jina la mtu yeyote. Makato ya kuchelewa niliyafuta, na waliokatwa kinyume cha sheria nikawarudishia kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Hilo mzee alilipinga mwanzoni. Nilimwekea karatasi ya shilingi 71,000 mbele yake.

Zamu zinapopokezana tunasimama pamoja dakika 10, hakuna kuketi. Anayetoka anasema kilichomkwamisha, anayeingia anasema anachokosa, nami nasema nimefanya nini kuhusu kilichosemwa jana. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo inayobeba kikao. Wiki nilizosahau kuleta majibu, watu waliacha kusema.

Mwaka uliofuata nilihudhuria mafunzo ya siku mbili kuhusu kaizen, ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku. Mwalimu alitusimulia kwamba katika viwanda vya Toyota kuna kamba juu ya mstari wa kazi, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaruhusiwa kuivuta, hata kama mstari mzima utasimama. Niliirudisha habari hiyo bekari nikatangaza: yeyote anaweza kusimamisha mashine. Walipiga makofi. Hakuna aliyesimamisha kitu kwa muda wa miezi miwili.

Kisha alfajiri moja, saa kumi kasorobo, gari likinguruma nje, msichana wa kufunga mikate, aliyekuwa na wiki tatu tu kazini, alibonyeza kitufe chekundu cha mashine ya kukata. Kimya kikaanguka. Alikuwa ameona mstari usio wa kawaida kwenye mkate mmoja. Midomo ikimtetemeka akasema, "Madam, naona kama kisu kimevunjika jino."

Kilikuwa kimevunjika. Kipande cha chuma hatukukiona, na mikate karibu 200 ilikuwa imepita pale tangu tulipokagua mara ya mwisho. Watu wote walinitazama. Ndani yangu ile Madam ya mwaka wa kwanza ilikuwa na maneno yake tayari: kwa nini sasa, kwa nini gari lichelewe. Niliyameza. Nikamshika mkono yule msichana nikamwambia mbele ya wote, "Asante, mwanangu. Umeokoa mtoto wa mtu." Tukaitenga mikate yote 200, tukaitupa baada ya kuikatakata na kukipata kile kipande, kidogo kama punje ya mchele. Njoro ilipata mkate saa mbili asubuhi siku hiyo, na nilipiga simu mwenyewe kwa kila duka kuomba radhi. Hasara ilizidi shilingi 10,000. Wiki hiyo hiyo mashine zilisimamishwa mara nne, na mara zote nne kulikuwa na sababu.

Nisidanganye kwamba tangu hapo kila nilichogusa kilinyooka. Nilianzisha zawadi ya mfanyakazi bora wa mwezi, ikazua chuki ndani ya wiki sita. Mkandaji alikataa kumwonyesha mwenzake namna ya kupima joto ili asimpite. Niliiondoa nikaweka posho ndogo ya zamu nzima, inayotegemea mikate iliyorudi, na hiyo imekaa. Pia kuna msimamizi niliyemwamini sana ambaye kweli alikuwa akiuza sukari usiku. Huyo nilimwita kwa barua, nikampa siku za kujieleza, akaja na mwenzake, tukamsikiliza, kisha nikamwachisha. Iliniuma, lakini nililala usingizi usiku huo, na hakuna aliyenong'ona kwamba ameonewa. Daftari la stoo ndilo lililomfichua, lile lile lenye sahihi mbili.

Mikate inayorudi sasa, mwezi wa kawaida, haifiki robo ya ile ya 2022, na kwa mifuko ile ile 20 tunamaliza kabla ya saa kumi bila namba ubaoni. Guka amestaafu. Aliacha amefundisha watu watatu, na kipimajoto anakiita fimbo ya wazungu. Yeye hadi siku ya mwisho alitumia kifundo cha mkono, na hakukosea.

Yule kijana wa troli nilimtafuta. Ilinichukua muda kupata ujasiri. Nilimkuta Kaptembwo, ana kibanda cha chapati na chai, na yule mtoto mchanga sasa anakimbia. Niliomba msamaha. Nikamwambia nafasi yake ipo akitaka kurudi. Aligeuza chapati mbili kabla ya kujibu. Akasema hapana, asante, hapa anajimudu. Akanipa chai, akakataa pesa yangu. Nilipokuwa nikiondoka akaniita.

"Madam, ile troli namba 3, ilitengenezwa?"

Nikamwambia ndiyo. Siku ile ile tuliyotoka kwa leba.

"Na namba 5? Hiyo nayo ilikuwa imeanza."

Niliandika mkononi kwa kalamu, nikaenda moja kwa moja hadi bekari kuiangalia.